Njia ya Waya Ndani ya Mashua

Yoti inayotia nanga katika Hori ya Kilifi wakati wa masika huwa na orodha ndefu ya matengenezo. Tanga limechanika, pampu imegoma, rangi ya chini imeliwa na chaza. Taa huandikwa mwisho wa orodha, kwa sababu taa inayowaka haimsumbui mtu. Katika mashua niliyoitazama ikitengenezwa, yoti ya faiba yenye urefu wa mita 11 iliyojengwa Ulaya miaka ya 1970, taa zilikuwa zimepanda hadi juu ya orodha. Zile za gubetini zilitoa mwanga wa manjano hafifu hata betri ikiwa imejaa, na mwenye mashua alikuwa anapika huku tochi imening'inia shingoni. Alitaka taa mpya za LED, nane kwa jumla, nyingine mahali ambapo hapakuwahi kuwa na taa. Alikuwa na sharti moja tu: asione waya.

Sharti hilo ni rahisi kulitamka. Katika nyumba, fundi hupasua ukuta kwa patasi na nyundo, akalaza bomba la plastiki, akapiga plasta juu yake, kazi ikaisha. Ndani ya mashua hakuna ukuta wa kupasua. Ubavuni kuna ganda la faiba, na nyuma yake ni bahari. Juu kuna sitaha yenye faiba juu na faiba chini, katikati imejazwa mbao laini za balsa. Ukiitoboa vibaya maji yanapenya hadi kwenye balsa na kuiozesha, na utakuja kujua siku sitaha itakapobonyea chini ya mguu wako. Mbao za ndani ni za msaji, zilizokatwa na kuungwa na seremala ambaye hakuacha pengo la kupitisha hata wembe. Katikati ya chumba imesimama nguzo inayobeba uzito wa mlingoti, na hiyo haitobolewi kabisa.

Fundi aliyepewa kazi ni mtu wa Kilifi. Alianza na umeme wa nyumba, kisha fundi mmoja mzee wa mashua akamchukua kuwa mwanagenzi wake. Sasa yeye naye ana mwanagenzi, kijana mrefu ambaye alilazimika kuinama kila alipoingia chumbani.

Kwa muda mrefu fundi hakushika chombo chochote cha kukatia. Alitoa magodoro, akatoa vitabu rafuni, akafungua kila kabati na kila saraka na kuingiza mkono nyuma yake. Alikuwa na tochi ya kichwani, kile kioo kidogo chenye mpini cha daktari wa meno, penseli na karatasi. Alipofika kwenye dari aligonga kwa kifundo cha kidole, akisogea sentimita chache chache. Dari ya yoti ile ni vipande vya plaiwudi vilivyovikwa ngozi nyeupe ya plastiki, vimefungwa kwenye pao za mbao zilizogundishwa chini ya sitaha. Palipo wazi sauti ilitoka nzito na kuvuma. Palipo na upao ilikuwa fupi na kavu. Sauti ilipobadilika alitia alama ya penseli, lakini si juu ya dari. Alitia alama juu ya tepu ya karatasi aliyokuwa ameibandika kwanza, ili dari ibaki safi. Kufikia adhuhuri dari nzima ilikuwa na ramani: pao zimelala wapi, nafasi ziko wapi, na nafasi ipi inaungana na ipi.

Mwanagenzi, ambaye alikuwa ameshaweka kekee kwenye drili, alionyesha mahali juu ya jiko. "Fundi, tupige tundu hapa?"

"Bado. Nyuma ya hapo kuna nini?"

Kijana hakujua. Fundi akampa kioo na tochi, akamwambia akatazame kupitia kabati la vyombo. Alirudi akasema kuna bomba la maji.

Kabla ya kupitisha waya mpya, fundi alitaka kujua ule wa zamani ulikufa kwa ugonjwa gani. Aliukata mmoja uliokwenda gubetini, akaumenya sentimita 2. Shaba ilikuwa nyeusi. Akamenya nyingine 5, nyeusi vilevile. Aliendelea hadi urefu wa kiganja, na ndani ya ganda la plastiki lililoonekana zima kabisa kwa nje, nyuzi zilitoka na unga wa kijani uliobaki kwenye ncha za vidole vyake. Hewa ya bahari hubeba unyevu na chumvi. Unyevu huo huingia kwenye ncha iliyokatwa, hutambaa katikati ya nyuzi na kusonga mbele ndani ya waya, mwaka hata mwaka. Waya wa namna hiyo bado unapitisha umeme, ila sehemu ya nguvu inapotea njiani ikiwa joto, na joto hilo linatokea kwenye viungo, mahali pabaya kuliko pote. Ndiyo maana kubadilisha taa peke yake kusingetosha.

Waya aliouleta ulikuwa wa namna nyingine. Alimenya kipande, akakiweka kando ya kile cheusi juu ya meza ya ramani. Nyuzi zake zilikuwa za rangi ya fedha, kwa sababu kila uzi wa shaba umepakwa bati kabla ya kusokotwa na wenzake. Bati haliliwi na chumvi upesi. Waya wa milimita mraba 1.5 wa aina ile una nyuzi zipatazo 30, kila mmoja unene wa robo milimita, ndiyo maana unapinda vizuri na kuvumilia mtikisiko. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai baharini hata ukiwa mpya: mashua inatikisika mchana na usiku, uzi mmoja unapinda pale pale kila mara, na mwisho wake unakatika ndani ya ganda, asione mtu.

Kisha alikaa kitako na kupiga hesabu, na hapa niliona kwamba macho na mikono ni nusu tu ya ufundi wake. Taa za zamani zilikuwa za balbu ndogo za halojeni, wati 10 kila moja. Nane za aina hiyo ni wati 80, na kwa betri ya volti 12 hiyo ni karibu ampea 6.7. Taa mpya ni wati 2 kila moja; nane ni wati 16, yaani ampea 1.3. Betri ya chumbani ina uwezo wa ampea-saa 100, na betri ya risasi haipaswi kunyonywa zaidi ya nusu ikiwa unataka idumu. Kwa taa za zamani, zote zikiwaka, nusu hiyo inaisha kwa saa saba na ushei. Kwa mpya inakaribia saa 38. Kwa mtu aliyetia nanga mahali pasipo na umeme wa nchi kavu, hesabu hiyo ndiyo inayompa usingizi.

Akaendelea. Kutoka kwenye ubao wa swichi hadi taa ya mwisho gubetini, njia ina mita 9. Kwenda na kurudi ni 18. Ukichukua waya wa milimita mraba 1.5, ukinzani wa njia nzima ni karibu omu 0.21. Hata mzigo wote wa taa mpya ukiwekwa mwishoni kabisa, volti zinazopotea hazifiki theluthi moja ya volti. Mzigo wa zamani katika waya huo huo ungepoteza volti 1.4, zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu yote. Mwanga wa manjano wa gubetini ulikuwa umepata maelezo yake. Mwanagenzi alinakili hesabu ile katika daftari lake bila kuambiwa.

Baada ya hapo ndipo mbao zilipoguswa.

Maungio ya dari yanafunikwa na kanda za msaji, na kanda hizo zimeshikwa kwa skrubu. Kila skrubu imezibwa juu yake kwa kizibo cha msaji cha mduara, upana wa milimita 10, kisha vanishi ikapakwa tabaka juu ya tabaka. Ukitazama hivi hivi huoni kitu. Fundi aliilaza tochi kando ya mbao, mwanga ukapita sambamba nayo, na duara zikajitokeza moja moja. Katikati ya kila kizibo alitoboa tundu la milimita 2, akaingiza skrubu ndogo na kuizungusha kwa bisibisi. Skrubu ile ilishuka mpaka ncha yake ikagota kwenye kichwa cha skrubu ya zamani iliyo chini. Hapo haina pa kwenda. Ukiendelea kuizungusha, kinachotembea ni kizibo chenyewe: kinaanza kupanda, uzi mmoja wa skrubu baada ya mwingine, mpaka kinatoka kizima, na ukingo wa tundu haujakwaruzwa. Angeweza kuvifukua kwa patasi kwa robo ya muda, na kila tundu lingebaki na kovu. Alikwenda kizibo kwa kizibo. Nyuma ya kila ukanda ulioshuka aliandika namba na mshale wa kuelekea gubetini, kisha akaulaza juu ya blanketi kwa mpangilio ule ule uliokuwa juu.

Sehemu za dari ziliposhushwa, njia ilionekana. Waya ungeanzia kwenye ubao wa swichi kando ya ngazi, upande nyuma ya kiambaza, uingie mahali ganda la mashua linapokutana na sitaha, usafiri nyuma ya rafu za vitabu hadi gubetini, na kila penye taa utoe tawi la kuvuka katikati ya pao mbili. Hakuna sehemu ya njia hiyo iliyoshuka karibu na ngama, kule chini maji yanakokusanyika. Aliipitisha juu yote, hata pale ambapo njia ya chini ingekuwa fupi.

Chombo chake kikuu cha kupitishia waya ni kile ambacho kila mvuvi wa pwani anacho: mshipi. Mahali pa kushuka wima nyuma ya kiambaza alifunga chubwi ndogo kwenye mshipi, akaiteremsha kupitia tundu la juu, huku mwanagenzi amelala kifudifudi chini ameingiza mkono kwenye upenyo. Tulisikia chubwi ikigonga mbao, ikikwama, ikivutwa, ikigonga tena. "Nimeipata," kijana akasema. Mahali pa kupita mlalo alitumia ufito mwembamba wa faiba, akausukuma katikati ya dari na sitaha huku mshipi umefungwa nchani.

Kufunga waya kwenye mshipi nako kuna adabu yake. Ukifunga fundo moja nene, fundo hilo litakwama kwenye upao wa kwanza, na ukilazimisha utakata mshipi au utang'oa upao. Fundi alimenya ganda la nje la waya, akakata nyaya mbili za ndani kwa urefu tofauti, akaufunga mshipi mahali pawili palipopishana, kisha akazungusha tepu kuanzia kwenye mshipi kuelekea kwenye waya ili unene uongezeke taratibu. Akapaka poda. Mwanagenzi alisukuma kutoka upande wa swichi, fundi akavuta kutoka upande wa pili, na kwa kitambo kirefu maneno yaliyosikika chumbani yalikuwa machache tu.

"Nipe."

"Haya."

"Simama. Rudisha kidogo. Nipe tena."

Hakuvuta kwa nguvu hata mara moja. Waya ulipogoma aliurudisha sentimita kumi, akauzungusha kwa vidole, akaujaribu upya. Aliniambia kwamba waya unaovutwa kwa nguvu unaweza kufika ukiwa umechubuka mahali usipopaona, na hitilafu hiyo itajitokeza baada ya miaka, usiku, mashua ikiwa mbali na nchi. Pamoja na waya alivuta mshipi wa pili, na huo akauacha ndani ukiwa na ncha zote mbili zimefungwa vizuri. Siku mtu mwingine akitaka kupitisha waya mwingine kwa njia hiyo, mshipi utakuwa unamngoja. Katika kazi yote niliyoitazama, hicho ndicho kitendo kilichonigusa zaidi. Kiligharimu mita chache za nailoni, kwa faida ya mtu asiyemjua.

Kila alipotoboa kiambaza alizungusha tepu kwenye kekee ya drili kuonyesha kina cha kuishia, akalainisha ukingo wa tundu kwa tupa ya duara na msasa, kisha akavisha tundu pete ya mpira ili mbao zisiuchubue waya. Kwenye pao za dari alifunga waya kwa tai za plastiki, kila baada ya shibiri mbili hivi, akiziacha zilegee kiasi cha waya kuweza kuteleza. Kabla ya kila taa aliacha waya uning'inie chini kidogo ya kiungo kisha upande tena. Sitaha ikivuja au unyevu ukitona, tone litafuata waya hadi sehemu ya chini kabisa ya kunjo hilo na kudondoka hapo, badala ya kuingia kwenye kiungo.

Jikoni njia iliisha. Pale, waliojenga yoti waliweka ganda la pili la faiba kwa ndani, limegandamana na sitaha, hakuna nafasi ya kupitisha hata mshipi. Fundi mwingine angebandika mfereji wa plastiki mweupe na kusema haiwezekani vinginevyo, na asingekuwa amedanganya sana. Yeye aliushusha ukanda wa msaji unaozunguka ukingo wa dari ya jiko, akaupima unene: milimita 15. Waya wake bapa wenye nyaya mbili ndani ulikuwa na upana wa milimita 8 na unene wa 5. Aliubana ukanda kwenye benchi nje, kinyumenyume, akachora mistari miwili kwa kisu badala ya penseli, kwa sababu mstari wa kisu hukata nyuzi za mbao na kuzuia ukingo usimeguke. Kisha akachukua randa ya kuchimbia mfereji, akaanza.

Msaji una mafuta na una chembechembe ngumu zinazoua makali ya chuma. Alipitisha randa mara chache, akasimama, akanoa, akapitisha tena. Maranda yalitoka membamba, ya kahawia, yakijikunja. Kila baada ya muda aliulaza waya ndani ya mfereji na kupitisha kidole juu yake. Aliposikia kwa kidole kwamba waya umezama kidogo chini ya uso wa mbao, aliacha: kina milimita 6, upana 10, milimita 9 za msaji zimebaki mbele. Mahali ambapo skrubu zingepita aliupinda mfereji kando kwa patasi ndogo, ili skrubu isije ikauchoma waya. Ukanda uliporudishwa mahali pake ulikaa kama ulivyokaa tangu mwanzo. Nilijua waya uko nyuma yake, nikasogeza uso hadi karibu kabisa, lakini sikuona dalili yoyote.

Viungo ndiyo sehemu ambayo fundi hakumwachia kijana mapema. Waya mwekundu ni chanya na wa manjano ni hasi. Alichagua manjano badala ya nyeusi kwa sababu yoti ile ikifunga gatini hupokea pia umeme wa volti 240, na katika mifumo mingine ya umeme huo mweusi ni waya wenye moto. Hakutaka mtu asimame siku moja na koleo mkononi akidhani mweusi ni salama. Alimenya milimita 6 tu, akahakikisha hakuna uzi hata mmoja uliokatwa, akauingiza kwenye lagi ya shaba iliyopakwa bati hadi nyuzi zikachungulia upande wa pili. Koleo lake la kubania lagi ni la aina isiyofunguka mpaka mbano utimie. Linatoa mlio mdogo wa meno, kisha linaachia. Baada ya kila mbano alishika lagi kwa mkono mmoja na waya kwa mwingine, akavuta kwa nguvu zake. Hakutegemea risasi ya kuchomea: risasi hufanya waya kuwa mgumu mahali pamoja, na ugumu huo ukikutana na mtikisiko waya hukatika ukingoni mwake. Mwisho alivisha kiungo mpira wenye gundi ndani, akaupasha joto, ukasinyaa mpaka gundi ikatokeza kidogo pande zote mbili. Tone hilo la gundi ndilo alilolitafuta. Pasipotokeza gundi, alisema, hewa itaingia.

Mwanagenzi alibana lagi ya kwanza. Fundi akaivuta, ikachomoka. Hakusema neno, alimpa lagi nyingine. Ya tatu ilishika.

Taa ya meza ya ramani ilikuwa na shida yake. Upande wa pili wa kiambaza kilicho nyuma ya meza hiyo, mbele ya nahodha, imepachikwa dira. Waya wenye umeme wa betri unazungukwa na usumaku, na usumaku huo unaweza kuvuta sindano ya dira. Fundi alizisokota nyaya mbili, wa kwenda na wa kurudi, msokoto wa karibu karibu, kwa sababu umeme unaokwenda na ule unaorudi vikilazwa pamoja hivyo usumaku wao unafutana. Kisha akamtuma kijana nje atazame dira huku yeye akiwasha na kuzima. Sindano haikutikisika. Taa hiyo ina rangi mbili, nyeupe na nyekundu. Macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde chache unayarudisha mwanzo. Mwekundu hafifu unamwezesha nahodha kusoma ramani na bado akarudi sitahani akiona.

Akabakiwa na jaribio moja ambalo mafundi wengi hawalijui. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba baadhi ya taa za LED zinavuruga redio za VHF, zile ambazo chaneli yake ya 16 ndiyo ya kuitia msaada baharini. Ndani ya taa hizo mna saketi ndogo inayoweka volti sawa, maana betri inayoitwa ya volti 12 hupanda hadi 14.4 inapochajiwa, na saketi hiyo ikiwa ya ovyo hutoa kelele ya redio. Fundi aliwasha redio kwenye chaneli tulivu, akazungusha kitufe cha kuzuia mvumo mpaka ukakoma, pale pale ukingoni, asipite hata kidogo. Kisha akawasha taa moja moja. Kwenye ya tano redio ilivuma. Akaizima, kimya, akaiwasha, mvumo. Aliitoa, akaweka nyingine aliyokuwa nayo ya akiba, akarudia jaribio lote kuanzia taa ya kwanza.

Alipima volti kwenye betri: 12.6. Alipima gubetini taa zote nane zikiwaka: 12.4. Kwenye ubao wa swichi aliweka fyuzi ya ampea 5, akamweleza mwanagenzi kwamba fyuzi hulinda waya, kwa hiyo huchaguliwa kwa unene wa waya.

Kufunga kulichukua muda karibu sawa na kufungua. Vipande vya dari vilirudi, kanda zikafuata namba zao. Kwa kila skrubu alikata kizibo kipya cha msaji kutoka kwenye kipande kilichofanana rangi, akakizungusha mpaka nyuzi zake zikaelekea upande mmoja na nyuzi za ukanda. Alikitia vanishi badala ya gundi, akakigonga kwa kinyundo. Vanishi inashika vya kutosha, na inaachia siku kizibo kitakapohitaji kutolewa. Baada ya kukauka, alikikata kwa patasi milimita kadhaa juu ya uso wa mbao, akatazama nyuzi zimeinama upande gani, ndipo akakata kwa mara ya mwisho kuelekea upande ambao nyuzi zinapanda. Ukikosea upande, kizibo kinameguka chini ya uso na kubaki shimo. Msasa laini, vanishi, msasa, vanishi. Nilimwomba anionyeshe kizibo kimoja alichoweka asubuhi ile. Ilimbidi achukue tochi na kuilaza kando ya mbao.

Mwenye mashua alipoingia jioni aliwasha swichi, akasimama chini ya taa ya jiko, akapitisha macho kwenye dari yote. Alichosema ni "Ahsante, Fundi." Kisha fundi akampa karatasi: mchoro wa mashua kutoka juu, kila waya na namba yake, namba hizo hizo zimevikwa kwenye ncha zote mbili za kila waya ndani ya mpira unaoonyesha, alama ya mahali mishipi ilipoachwa, na ukanda upi wa kufungua ili kufikia kiungo kipi. Nakala ya pili ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki nyuma ya ubao wa swichi. Kwake yeye, waya uliofichwa pasipo mchoro umepotezwa.

Siku hizi majahazi na mashua nyingi za pwani yetu zina injini, betri na taa, si yoti za wageni peke yake. Nimepanda mashua za abiria na za watalii ambazo umeme wake ni waya wa nyumba uliosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa tepu, karibu na tangi la mafuta, na waliofanya hivyo ni vijana hodari ambao hawakupata wa kuwafundisha namna nyingine. Ujuzi niliouona Kilifi umepita kwa fundi mzee hadi kwa huyu, na kwa huyu hadi kwa kijana mmoja. Njia hiyo ni nyembamba mno kwa pwani ndefu kama yetu. Chuo chochote cha ufundi kati ya Lamu na Mtwara kikitaka kuanzisha somo la umeme wa mashua, kianze na betri moja ya volti 12, roli ya waya uliopakwa bati, koleo zuri la kubania lagi, na kimwite mtu kama huyu aje kufundisha.